Bisibisi ya Mjomba: Hilux tatu nilizokagua Tanga, na moja niliyonunua

Nianze na hela, maana najua ndilo swali la kwanza. Fundi nilimlipa Sh 60,000 kwa kila gari, nauli na chai juu yangu. Magari yalikuwa matatu, kwa hiyo Sh 180,000 zilikwenda kabla sijamiliki hata tairi. Mdogo wangu alinicheka: "Dada, laki na themanini kwa kuangalia tu?" Nikamkumbusha kuwa lile la kwanza lilikuwa linauzwa milioni 24, na mimi nilikuwa nimeshalipenda kwa rangi. Akanyamaza.

Mimi nauza viungo. Iliki, mdalasini, pilipili manga, na msimu ukifika nashika na machungwa ya Muheza. Mzigo nautoa Amani, nashusha Tanga mjini, mwingine unapanda basi kwenda Dar. Miaka sita nimekodi pikapu za watu, na anayeijua njia ya kutoka Sigi kupanda Amani wakati wa masika anajua kwamba anayepanga bei pale ni mwenye gari, si mwenye iliki. Kona zile zikilowa, gari linalovuta kwa nyuma peke yake linateleza kiubavuubavu kama kaa. Mwaka jana nililala njiani na magunia kumi na moja, dereva kanifungia vioo anakoroma. Asubuhi ile nikaapa.

Nilitaka Hilux ya fowili, yaani inayovuta kwa tairi zote nne, dabo kebini, dizeli, bei isizidi milioni 23. Kwa pesa hiyo humpati gari changa, unampata mzee aliyetunzwa au mzee aliyepakwa poda. Kazi yote ni kuwatofautisha.

Fundi wangu simtaji jina, hapendi, na simu yake ni ya tochi. Mimi namwita Mjomba kwa sababu alikaa nyumba moja na marehemu mama yangu pale Ngamiani walipokuwa wadogo. Ufundi kajifunzia kwenye gereji ya shamba la mkonge, enzi ambazo gari likifa ulilifufua au ulitembea kwa miguu. Nilipomwuliza nitafute injini gani, hakunitajia sifa hata moja, alinitajia magonjwa. Ile 1KZ ina tabo na mlima inaupanda kama imetumwa, lakini ikichemsha siku moja tu bila dereva kuona, silinda hedi inapasuka. D-4D ya 3.0 ni tamu, ila nozeli zake ni za umeme, na zikifa zote nne "utanunua pikipiki ukaegeshe pembeni ya gari." 5L haina tabo, ile ya pampu ya kawaida haina kompyuta, ni nzito, inanguruma kama mashine ya kusaga, na fundi wa kuijua utampata hata kijijini. "Wewe unakwenda kubeba iliki, hushindani na mtu," akasema. Basi tukatafuta 5L.

Gari la kwanza lilikuwa mjini, mikononi mwa dalali. Jeupe, rimu za kung'aa, viti vimevalishwa ngozi mpya inayonuka duka. Dalali alikuwa na kanda yake, nadhani wote wanafundishwa chuo kimoja: "Gari ya mama mmoja wa ofisini, injini haijafunguliwa, haidai hata mia, wewe ni kuweka mafuta na kuondoka. Bei maelewano." Nilimwuliza huyo mama wa ofisini alikuwa anabeba nini kwenye bodi ya nyuma. Akasema mafaili.

Miadi ilikuwa saa nne. Mjomba akasema twende saa moja na nusu. Gari la dizeli, alinieleza njiani, linakaguliwa likiwa limelala, kwa sababu likishaamshwa na kupashwa moto linaficha aibu zake zote: koili za kupashia silinda zilizokufa, pistoni zilizolegea, moshi wa asubuhi. Tukafika. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale kama daktari, halafu akanigeukia. "Lina homa."

Dalali akadai alilisogeza kidogo kupisha baiskeli. Saa moja na nusu asubuhi. Haya.

Nilidhani Mjomba angefungua boneti. Wote niliowahi kuwaona hufungua boneti kwanza, wanatikisa kichwa, wanagusa gusa mipira. Yeye alitandika boksi chini, akavua kofia, akaingia uvunguni na tochi, bisibisi bapa na nyundo ndogo. Nikachuchumaa nione. Chini kulikuwa kweusi tii kunang'aa, chasisi yote, kama nywele zangu nikishazitia piko. Mimi nikaona usafi. Yeye akauliza, huku amelala: "Gari la miaka ishirini, juu lina mikwaruzo, chini lina rangi ya jana. Aliyepaka chini alikuwa anamfurahisha nani?"

Akaanza kugonga kwa nyundo, taratibu, kutoka mbele kurudi nyuma. Ngo. Ngo. Ngo. Mlio wa chuma kizima unaujua hata kama hujawahi kushika spana. Alipofika pale chasisi inapopanda kama mgongo wa ngamia kupita juu ya ekseli ya nyuma, mlio ukabadilika: pu. Akarudia. Pu. Akaweka bisibisi upande wa ndani wa chasisi, ule usioonekana ukichungulia kutoka nje, akasukuma kwa kiganja tu. Haikugongwa na nyundo, nataka hilo lieleweke. Iliingia mpaka nusu, kwa sauti ya mtu anayevunja kashata. Alipoichomoa kukamwagika kutu ya matabaka matabaka, kama chapati iliyosukumwa vizuri, na katikati yake kipande cha puti. Mtu alijaza shimo kwa puti, akapaka lami juu, akapandisha bei.

Halafu akatoka, akapanda nyuma, akainua pembe ya plastiki iliyotandikwa kwenye bodi. Akanionyesha kitu kidogo kimeganda, kinang'aa. Gamba la samaki.

"Mama wa ofisini," akasema Mjomba, "alikuwa anavua."

Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini mtu wa Tanga hawezi kukagua pikapu kama mtu wa Dodoma. Pikapu nyingi za hapa zimepita kazi ya samaki. Zinapakia pale Deep Sea au Sahare, makasha ya barafu yanayeyuka, yale maji ya chumvi yanapita kwenye matundu ya boliti za bodi na kudondokea juu ya chasisi. Chasisi ya Hilux ni chuma kilichofungwa kama boksi, ndani kuna uwazi. Ina matundu madogo ya kutolea maji, ila yakizibwa na tope, chumvi inakaa ndani humo miaka inatafuna kimyakimya. Nje unaona rangi. Kutu yake inaanzia tumboni. Nyingine zilibeba chumvi yenyewe kutoka Mkinga, magunia yanavuja. Kwa hiyo ile hesabu ya kilomita mnayoiuliza wote, mimi siku hizi siiulizi kwanza. Nauliza lilibeba nini.

Dalali hakutahayari. Akasema hiyo ni ya kuchomelea tu, Sh 80,000, kuna kijana hodari. Mjomba akamjibu kwa upole, ule upole wa wazee wa Tanga ambao hujui umetukanwa mpaka ufike nyumbani: "Mwanangu, injini nitanunua nyingine. Giaboksi nitanunua nyingine. Hiki ndicho kimebeba namba ya gari, na ndicho kitakachombeba binti yangu kwenye kona za Amani. Ukipata mtu wa kushona uti wa mgongo niite nije nitazame."

La pili nitalisema kwa kifupi. Lilikuwa Chumbageni, uani kwa watu, 1KZ, zuri la kutazama, milioni 19. Tulikwenda kwa sababu ya bei. Kwenye bodi kuna stika kubwa ya 4WD. Mjomba aliingia uvunguni, akatoka baada ya dakika mbili anacheka: propela ya mbele, ile inayopeleka nguvu kwenye tairi za mbele, haipo. Imefunguliwa, flanji zimebaki zinatazamana. Watu huitoa ikianza kupiga kelele, au kwa kuamini inapunguza kula mafuta, halafu gari linauzwa na stika yake. Lingine: kadi ilikuwa na jina la baba wa yule kijana aliyekuwa anatuuzia, na baba alishafariki. Barua ya mahakama ya msimamizi wa mirathi hawakuwa nayo. Kijana mwenyewe muungwana, alitukaribisha chai, alikuwa hajui kama inahitajika. Nikampa pole, nikaondoka. Ukinunua kwa mtoto mmoja wa marehemu umenunua kesi ya watoto wote.

Gari la tatu nililipata bila dalali, kupitia mama mmoja anayeniuzia mdalasini. Lilikuwa Muheza, kwa mwalimu mstaafu mwenye shamba la machungwa. Hilux 5L, nyekundu iliyopauka mpaka karibu ya matofali, namba B, mlango mmoja umepondeka. Ningepita nalo barabarani nisingegeuza shingo. Anataka milioni 25.

Tulitoka Kange na basi la kwanza. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba, karibuni, gari lenu lile pale, sijaligusa tangu juzi." Na kweli, kuku walikuwa wamelala juu ya bodi. Boneti baridi kama mtungi.

Mjomba akaanza uvunguni kama kawaida yake. Safari hii chini kulikuwa kuchafu: tope jekundu la Muheza limekaukia, oili kidogo imelowesha chini ya injini, kutu ya juu juu ya rangi ya kahawa. Alifurahi. "Uchafu wa kweli," akasema, na akagonga chasisi pande zote mbili kutoka mwanzo hadi mwisho. Ngo, ngo, ngo. Bisibisi ilikwaruza, haikuingia. Alikuwa na sumaku pia, aliyoing'oa kwenye spika mbovu na kuivisha kitambaa cha kanga isichubue rangi. Akaipitisha mabatini. Ilishika kila mahali isipokuwa ubavu wa kushoto nyuma ya tairi, pale ikawa inateleza, maana yake chini ya rangi kuna puti. Mwalimu hakusubiri kuulizwa: mwembe wa jirani, mwaka wa uchaguzi, alikuwa anarudi kinyumenyume. Nilipenda jibu lile. Puti ya mwembe haiui mtu.

Akanikalisha kwenye usukani. Nifungue swichi nisiwashe, nimsomee taa. Oili, betri, breki ya mkono, koili. "T-BELT je?" Haikuwaka. Hizi dizeli za Toyota za zamani zina taa hiyo ya kukumbusha mkanda wa taimingi, na 5L mkanda wake hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika mwendoni, valvu zinakutana na pistoni, na injini umeiaga. Ukifungua swichi taa zote lazima ziwake kidogo ndipo zizime. Ambayo haiwaki kabisa ama glopu imeungua, ama mtu aliichomoa kwa sababu haikutaka kuzima. Mwalimu akasema hajui, kalikuta hivyo. Mjomba akaandika kwenye kiganja kwa kalamu: mkanda. Hakugomba. Alikuwa anakusanya.

Nikawasha. Liliguna mara mbili, la tatu likaitika. Moshi mweupe ukatoka, ukakaa kama nusu dakika, ukakatika. Mjomba alikuwa amesimama nyuma anauvuta puani kama anaonja mchuzi. Mweupe wa asubuhi unaokatika ni koili moja au mbili zimechoka, si msiba. Mweupe usiokatika, wenye harufu tamu tamu, ni maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Wa bluu ni oili inaungua. Mweusi ukikanyaga ni dizeli inayozidi, angalia nozeli au chujio la hewa. Akaja mbele, akafungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma, akakigeuza juu chini, akakiweka tu juu ya tundu bila kukifunga. Tukakitazama wote watatu. Kilikuwa kinatetemeka, basi. Kwenye injini iliyochoka ringi kifuniko kile kinaruka kama cha sufuria ya ugali, na moshi unafuka. Hiki kilitetemeka kama mtu mwenye baridi kidogo. Mwalimu mwenyewe alivuta pumzi, nadhani alikuwa hajui atapewa maksi ngapi.

Rejeta alikuwa ameshaifungua kabla ya kuwasha. Maji yana kutu, hayana mafuta. Kijiti cha oili cheusi, hakina maziwa. Maziwa aliyatafuta hadi kwenye difu: alifungua nati ya kujazia, akachovya kidole, akakipaka kwenye gazeti. Oili ya difu ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, gari lilivuka mto na maji yakabaki ndani. Yetu ilikuwa nyeusi, nzito, inanuka kiberiti. Akasema imwagwe hata hivyo.

Mileji ilisema kilomita 187,000. Pedali ya klachi mpira wake umelika mpaka chuma kinachungulia, ilhali wa breki ni mpya. Mjomba akatabasamu tu, maana mpira ulioliwa vile si wa mileji ndogo hiyo. Kwenye tairi alinionyesha tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tatu zilikuwa na 18 mwishoni, moja 14. Zina meno mazuri, lakini raba ni kama mtu, inazeeka hata ikikaa. Akaandika tena kiganjani.

Halafu fowili, ambayo ndiyo iliyonitoa kwangu. Hilux ile ina haba za kufunga kwa mkono: kwenye kitovu cha tairi za mbele kuna kisahani unachokizungusha kwenye FREE au LOCK. Ya kulia ilizunguka. Ya kushoto iligoma, imeganda kwa kukaa miaka bila kutumiwa. Mjomba akaomba dizeli kwenye kifuniko cha chupa, akamwagia, tukanywa chai na mihogo ya nazi kwa Mwalimu (mke wake anajua kupika, hilo nalo liandikwe), tukarudi. Ikalegea kwa koleo. Gari likapelekwa nyuma ya shamba penye mfereji uliolowa. Alishusha tairi za nyuma makusudi kwenye tope mpaka zikazunguka bure, akasimama, akavuta gia ndogo kwenye H4 (fowili ya mwendo wa kawaida), akaniambia nitoke nitazame tairi za mbele. Zilishika. Tope likaruka, gari likajivuta likatoka. Akarudia kwenye L4 (fowili ya polepole yenye nguvu), mbele na kinyumenyume, usukani umekatwa kulia kisha kushoto, anasikiliza kama kuna kitu kinagonga tak-tak-tak kwenye kona. Hakikuwepo. Hili jaribio lifanyie kwenye tope au mchanga. Kwenye lami kavu ukiweka fowili na kukata kona, gari linakaza kama limefungwa kamba, na unaweza kuvunja kilicho kizima.

Barabarani giaboksi ilitema gia ya tatu mara moja tulipokuwa tunashuka na mguu umeachia mafuta. Mara moja tu katika kujaribu mara kumi. Nayo ikaandikwa.

Namba ya chasisi iko upande wa kulia mbele, karibu na tairi. Aliisugua kwa brashi ya waya, akapaka chaki ndipo tarakimu zikatoka. Ilianza na JT, yaani lilitoka Japani. Za Thailand utaona MR0, za Afrika Kusini AHT. Tukailinganisha na kadi herufi kwa herufi, mimi nasoma, Mwalimu anahakiki kama anasahihisha mtihani. Kadi ilikuwa halisi, siyo kopi. Ukionyeshwa kopi tu, uliza halisi iko benki gani. Nikaangalia kwa simu madeni ya faini za barabarani kwa namba ya gari: Sh 90,000. Makosa matatu. Mwalimu alishtuka kweli kweli, akamwita mwanawe kwa jina lake lote.

Mjomba akageuza kiganja kilichojaa wino akakisoma mbele ya mwenye gari, bila kuongeza chumvi: mkanda wa taimingi, koili, tairi nne, haba ya kushoto, gia ya tatu, oili zote. Nilitegemea mabishano. Kumbe bei ikiambatana na orodha hakuna wa kununa. Hatukusema "punguza kidogo Mwalimu," tulisema hiki ni kiasi hiki, kile ni kiasi kile. Tukafika milioni 22.3, na faini juu yake. Hakuna cha juu cha dalali. Mkataba tukaandikishia kwa wakili mjini, pesa nikalipa benki kwa benki, na TRA tukaenda wote wawili na TIN zetu wiki ile ile. Usikubali kutembelea gari lenye jina la mtu mwingine kwa ahadi ya "tutabadilisha tu."

Matengenezo ya mwanzo yalikula Sh 1,640,000, tairi ndizo zilizoumiza. Tukaukuta ule mkanda umeanza kupasuka nyuzi.

Sasa ni miezi tisa. Gari lenyewe nalipa alama nane kwa kumi. Linapanda Amani na kilo 800 kwa gia ya pili, polepole, dereva wa Noah ananipigia honi na mimi namwachia njia. Masika haya sijalala njiani hata siku moja. Kwenye lami likiwa na mzigo linanipa kilomita tisa hivi kwa lita. Ni kelele. Kiti cha nyuma ni adhabu, mama mkwe alikaa kutoka Muheza mpaka Pongwe akaomba ahamie mbele. Ukitaka gari la harusi, hili silo.

Mjomba nampa tisa. Kumi sikumpa, na yeye anajua sababu. Mwezi wa tatu nilikuwa nashuka kutoka Shebomeza, nimejaza, nikakanyaga breki, gari likaanza kusimama kwa pua tu, nyuma kama hakuna kitu. Nilirudisha gia ya kwanza nikateremka naomba dua zote ninazozijua na mbili nilizotunga pale pale. Kumbe juu ya ekseli ya nyuma Hilux ina kivalvu chenye mkono wa chuma unaopima uzito wa mzigo: bodi ikilemewa, kinaongeza nguvu ya breki za nyuma. Chetu kilikuwa kimeganda pale pale, kimeamini gari ni tupu siku zote. Mjomba alipita nacho puani alipokuwa anagonga chasisi, hakukitikisa. Nilipomweleza alikaa kimya muda mrefu. Kesho yake alikuja na baiskeli yake mpaka nyumbani, akakifungua, akakisafisha, akakipaka grisi, akakijaribu kwa kuwapandisha watoto saba wa mtaani nyuma na kuwashusha. Ufundi hakuchukua hata shilingi. Sasa akiitwa kukagua pikapu, huo mkono wa chuma ndio anaoushika kabla hajaanza kugonga.

Bei yake imepanda, ni Sh 70,000. Ukimtaka uliza mafundi wa Ngamiani, mzee wa sumaku, watakuonyesha.

Kilichobaki kibovu kwangu ni kioo cha mlango wa nyuma kushoto, hakipandi. Nimekitegeshea kipande cha mkarafuu. Dukani wanataka Sh 120,000 kwa mashine yake iliyotumika, nimewaambia nitarudi baada ya machungwa.